MBA Ukiwa Katikati ya Safari ya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka 8, 12 au hata 20, ambaye wazo la kurudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, yaani MBA, limekuwa likimjia mara kwa mara. Ana kazi, ana watu wanaomtegemea, na pengine ana mkopo anaoulipa. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzi ana hesabu nyingine kabisa, kwa hiyo mengi ya hapa hayatamfaa.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye kazi, chuo kije baadaye. Andika kwa sentensi moja kazi unayotaka uwe unaifanya miaka 5 baada ya kuhitimu. Taja cheo, aina ya taasisi, na jambo utakaloamkia kulifanya kila siku. "Nataka kupanda" haitoshi. "Nataka kusimamia idara ya fedha ya kampuni ya ukubwa wa kati" inatosha. Sentensi hiyo ikikushinda kuiandika, ahirisha kujaza fomu mpaka uipate, kwa sababu miezi ya kwanza ya masomo huja na kasi ambayo haimpi mtu nafasi ya kutafakari anataka nini.

Ukishaipata, tafuta matangazo 10 ya nafasi hiyo hasa na uyasome neno kwa neno. Hesabu mangapi yanasema shahada ya uzamili ni lazima, mangapi yanasema itakuwa sifa ya ziada, na mangapi hayaitaji hata kidogo. Kisha watafute watu walio kwenye nafasi hiyo leo. LinkedIn inatosha kwa kazi hii. Angalia kama wana MBA, na zaidi ya hapo angalia waliipata lini. Ukikuta wengi waliisoma baada ya kupewa cheo, tena kwa fedha za mwajiri, maana yake ni kwamba shahada haikuwa ndiyo iliyowafungulia mlango. Jioni mbili za kazi hii zitakupa mwanga kuliko vipeperushi vyote vya vyuo.

Ni sababu zipi zinazostahili gharama ya MBA?

Sababu ninayoiamini kuliko zote ni mlango uliofungwa kwa kanuni. Zipo taasisi ambazo ngazi fulani haifikiki bila shahada ya uzamili, hata ufanye kazi kwa bidii namna gani. Lakini hata hapo, soma kanuni mpaka mwisho. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, kwa nafasi zake nyingi za kitaalamu hutaja shahada ya uzamili, ila tangazo mara nyingi huongeza kwamba shahada ya kwanza pamoja na miaka 2 zaidi ya uzoefu inaweza kukubaliwa badala yake. Mtu asiyefika kwenye mstari huo anaweza kutumia akiba ya maisha kununua kitu alichokuwa nacho tayari.

Sababu ya pili ni kuvuka kutoka utaalamu kwenda uongozi. Mhandisi, daktari au mwanasheria aliyekabidhiwa idara hujikuta ghafla anasoma mizania, anapanga bajeti, anajadili bei na kusimamia watu ambao kazi yao haijui. Kwake, fedha, uhasibu, masoko na mkakati ni mapengo halisi, na kuyaziba kwa mpangilio darasani kuna faida kubwa. Mtu huyu ndiye ninayemwona akifaidika zaidi, kwa sababu anayojifunza Jumamosi anayatumia Jumatatu.

Sababu dhaifu nazo zipo, na zinaumiza kwa kuwa huja zimevaa sura ya hamu ya kujiendeleza. Kuchoshwa na bosi, kurukwa mara moja kwenye upandishwaji cheo, au kuona wenzako uliosoma nao wote wana MBA: hayo ni maumivu ya kweli na yanastahili kusikilizwa. Lakini bosi mbaya unamkimbia kwa kubadili kazi, na kazi mpya hailipiwi ada.

Nina miaka 41. Je, nimechelewa?

Inategemea unataka kuingia darasa lipi. Katika programu nyingi za miaka miwili za kutwa, hasa za Marekani, wastani wa umri ni kama miaka 27 au 28 na uzoefu wa kazi wa takriban miaka 5. Mtu wa miaka 41 hakatazwi kuomba, ila huduma zote za ajira pale chuoni zimepangwa kumhudumia kijana yule. Katika programu za watendaji, zinazoitwa EMBA, wastani wa umri hukaribia miaka 40, na mjadala darasani huwa wa watu waliokwisha kuajiri, kufukuza, kupoteza wateja na kufunga hesabu za mwaka.

Swali la maana kwako ni miaka mingapi ya kazi itakayobaki baada ya kuhitimu. Tutaifikia hesabu hiyo.

Kuna aina ngapi za programu, na ipi inamfaa mtu wa umri wangu?

Shule ya Tuck ya Chuo cha Dartmouth, Marekani, ilianzishwa mwaka 1900 ikiwa ya kwanza kutoa masomo ya uongozi wa biashara kwa ngazi ya baada ya shahada ya kwanza, na Harvard ikaanzisha MBA mwaka 1908. Mfumo wa miaka miwili ya kutwa ulikua kutoka huko, na ulilenga vijana. Watu wazima walifikiriwa baadaye, kwa njia tofauti.

MIT ilianza mwaka 1931 programu ya mwaka mmoja kwa watu waliokwisha kubobea kazini, ambayo leo inajulikana kama Sloan Fellows. Stanford ina ya kwake ya namna hiyo, MSx, inayotaka uzoefu wa angalau miaka 8. London Business School nayo ina shahada ya Sloan kwa walio juu zaidi. Programu hizi hazizungumziwi sana, nami naona ni hasara, kwa sababu ziliundwa kwa ajili ya mtu hasa anayesoma majibu haya: anayeweza kuacha kazi kwa mwaka mmoja lakini hataki kukaa miaka miwili na wenzake waliozaliwa akiwa sekondari.

Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha EMBA ya kwanza mwaka 1943, na muundo wake haujabadilika sana: unaendelea na kazi, unasoma wikiendi au kwa vipindi vya siku kadhaa mfululizo, unamaliza kwa muda wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili. Upande wa Ulaya, shule ya biashara ya INSEAD iliyoanzishwa mwaka 1957 ilisambaza mfano wa MBA ya kutwa ya mwaka mmoja. Tena kuna programu za jioni, na za mtandaoni ambazo nimezipa swali lake.

Kuna moja zaidi ambayo naipenda kwa wazo lake. Henry Mintzberg, profesa wa Chuo Kikuu cha McGill, amekuwa akisema kwa miaka mingi kwamba uongozi haufundishiki kwa mtu ambaye hajawahi kuongoza. Mwaka 1996 yeye na wenzake wa vyuo kadhaa walianzisha programu inayoitwa IMPM, ambayo huwapokea mameneja walio kazini na kutumia matatizo yao wenyewe kama somo. Hata kama hutaisoma hiyo, chukua kigezo chake unapolinganisha vyuo: je, darasa hili litatumia uzoefu wangu, au litaniomba niusahau kwa muda?

Nipigeje hesabu ya gharama?

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa kuangalia ada peke yake. Kwa anayesoma kutwa, gharama kubwa kuliko zote ni mshahara anaoukosa.

Tuseme mshahara wako wa mwaka, baada ya kodi, ni 100. Unachagua programu ya kutwa ya miaka miwili yenye ada ya 120, na gharama nyingine zinazotokana na masomo ni 20. Mshahara utakaoukosa ni 200. Jumla ni 340. Ukihitimu ukapata kazi inayokulipa 140, nyongeza yako ni 40 kwa mwaka, na itakuchukua miaka 8 na nusu baada ya kuhitimu kurudisha ulichotoa. Nyongeza ikiwa 20, itakuchukua miaka 17. Mwenye miaka 28 anaweza kusubiri. Aliyeingia darasani na miaka 45 na anayestaafu akiwa na 60 anahitimu na miaka 47, amebakiwa na 13.

Sasa chukua programu ya wikiendi yenye ada ya 90, kazi ukiendelea nayo. Nyongeza ya 15 tu kwa mwaka itarudisha ada hiyo ndani ya miaka 6. Nyongeza ni ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini hatari pia ni ndogo.

Usisahau marekebisho mawili. Kwanza, bila MBA pia ungepandishwa mshahara. Kinachohesabika ni tofauti kati ya pale ambapo ungefika na pale utakapofika kwa sababu ya shahada. Pili, ukikopa, riba inaingia kwenye gharama tangu siku ya kwanza. Weka namba zako halisi, kisha rudia hesabu ukidhani nyongeza itakuwa nusu ya unayoitarajia. Kama bado unaona inafaa, uko mahali pazuri. Kama mpango mzima unasimama kwa namba ya matumaini peke yake, tafuta programu ya bei nafuu au mdhamini kabla ya kuendelea.

Vyuo hutangaza mishahara mikubwa ya wahitimu wao. Niiamini?

Isome ukijua ni ya nani. Orodha ya gazeti la Financial Times ya MBA za kutwa, inayotoka tangu mwaka 1999, huwauliza wahitimu miaka mitatu hivi baada ya kumaliza, na mshahara wao hupewa uzito mkubwa. Wengi wa wahitimu hao walianza masomo kabla ya miaka 30 na wakaingia kwenye ushauri elekezi, benki au teknolojia. Nyongeza yao kwa asilimia ni kubwa pia kwa sababu walianzia chini. Wewe ambaye mshahara wako tayari umepanda huwezi kuichukua asilimia ile ukaizidisha kwa mshahara wako.

Jambo jingine: vyuo vinavyochuja sana huchukua watu ambao wangefika mbali hata bila chuo. Si rahisi kutenganisha kilichofanywa na shahada na kilichofanywa na mtu mwenyewe.

Badala ya wastani, kiombe chuo takwimu za wahitimu walioingia na umri na uzoefu kama wako. Chuo kisichotaka kuzitoa kimekujibu.

Mwajiri wangu yuko tayari kunilipia. Nikubali mara moja?

Soma mkataba kwanza. Udhamini kwa kawaida huja na sharti la kuendelea kufanya kazi kwa muda fulani baada ya kuhitimu, na ukiondoka kabla unarudisha fedha zote au sehemu yake. Uliza muda huo unaanza kuhesabiwa lini: tangu malipo ya mwisho, au tangu siku ya mahafali? Itakuwaje kampuni ikikupunguza kazi? Ikiuzwa? Ukifeli somo au ukiugua? Je, saa za darasa ni za kazi au zinakatwa kwenye likizo yako? Uliza pia kama kiasi hicho kinatozwa kodi kama sehemu ya mapato yako, maana kanuni hutofautiana toka nchi hadi nchi.

Ningeongeza swali moja ambalo watu huona haya kuliuliza: nikimaliza, kuna nafasi gani? Mwajiri anayelipa ada bila kuwa na wazo lolote la kukupandisha hukuacha na shahada mpya kwenye kiti kile kile, tena umefungwa usiondoke. Hata hivyo, kama masharti ni ya haki, udhamini hubadilisha hesabu yote iliyotangulia, na ningeshauri usiuache upite.

Familia yangu itaathirika vipi?

Zaidi ya unavyodhani sasa. EMBA humtaka mtu kama saa 15 hadi 20 kwa wiki juu ya kazi yake, kati ya vipindi, kusoma nyumbani na kazi za vikundi. Saa hizo hazitoki hewani. Zinatoka kwenye usingizi, kwenye jioni za watoto, kwenye kumtembelea mzazi mgonjwa, kwenye ibada na kwenye misiba ya watu wako.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba, keti na mwenzi wako mkiwa na kalenda mkononi. Chukueni wiki moja ya kawaida, mfute saa 18, na kila saa iliyofutwa iwe na jibu: nani atawachukua watoto shuleni, nani atapika, nani atakwenda kwa niaba yako pale unapotakiwa kwenda mwenyewe? Fanyeni hivyo tena kwa wiki ya mitihani. Kumwambia mwenzi wako "nakuomba univumilie miaka miwili" na yeye akaitikia hakutoshi, kwa sababu ameitikia kitu ambacho hajakiona. Akishaiona kalenda, anaweza kukubali kwa moyo, anaweza kupendekeza msubiri mtoto wa mwisho aanze shule, na anaweza kukuambia kwamba yeye pia alikuwa na mpango wa kusoma. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini yakifanyika mwezi wa tano wa masomo huwa magumu mara mbili.

Kama uko peke yako na watoto au na wazazi wanaokutegemea, tafuta programu inayoruhusu kuchukua masomo machache kwa muhula na kusimama pale inapobidi. Unyumbufu huo nauthamini kuliko jina la chuo.

Je, ni lazima nifanye GMAT?

Si kila mahali. GMAT na GRE ni mitihani ya kujiunga na masomo ya uzamili. Programu nyingi za watendaji hukubali uzoefu mrefu badala ya mtihani, au hupokea mtihani mfupi wa EA wa dakika 90. GMAT ya sasa ina sehemu tatu, huchukua saa 2 na dakika 15, na alama zake ni kati ya 205 na 805. GRE tangu Septemba 2023 imefupishwa hadi chini ya saa 2. Matokeo ya GMAT na GRE hudumu miaka 5, kwa hiyo unaweza kufanya mtihani mwaka huu na kuomba baadaye.

Hesabu niliziacha shuleni. Nitaweza?

Utaweza, ukijiandaa. Yanayowasumbua watu wazima ni uhasibu, takwimu na fedha, na mara nyingi tatizo ni kutu tu. Jipe miezi mitatu ya maandalizi kwa kozi za mtandaoni za misingi, na ujizoeze jedwali la kompyuta mpaka vidole vikumbuke.

MBA ya mtandaoni ina heshima?

Ikitolewa na chuo chenye ithibati, ndiyo, na heshima hiyo imekua. Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha MBA ya mtandaoni mwaka 2016, na mwaka 2019 kikatangaza kufunga ile ya kutwa ya chuoni ili kuweka nguvu kwenye hiyo. Unachokosa zaidi ni watu: mazungumzo ya korido, mwenzako wa kikundi anayekuwa mshirika wa biashara. Kama unachohitaji ni maarifa na cheti, mtandaoni panatosha na ni nafuu zaidi. Kama unachohitaji ni mtandao wa watu wa sekta mpya, ningekwenda mahali ambapo watu wanakutana ana kwa ana.

Nitajuaje chuo si cha ulaghai?

Anza na mamlaka ya elimu ya juu ya nchi ambako chuo kimesajiliwa, kisha ya nchi ambako utaitumia shahada. Baada ya hapo angalia ithibati za kimataifa: AACSB, iliyoanzishwa mwaka 1916, EQUIS, na AMBA ambayo hupima programu yenyewe na hutaka wanafunzi wawe na uzoefu wa angalau miaka 3. Usiamini nembo iliyobandikwa. Ingia kwenye orodha ya chombo chenyewe ulitafute jina la chuo. Anayekuahidi MBA kwa "uzoefu wa maisha" na malipo ya mara moja, mkimbie.

Nataka kubadili sekta kabisa. MBA itanisaidia?

Inaweza, lakini kuwa makini. Mabadiliko ni ya aina tatu: aina ya kazi, sekta, na nchi. Kubadili moja kunawezekana kwa watu wengi, mbili ni kazi, na zote tatu kwa pamoja ukiwa na miaka zaidi ya 40 ni mlima mrefu.

Njia ya kawaida ya kubadili ni mafunzo ya kazi ya kiangazi kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, ambako kampuni hukujaribu na kukuajiri. Programu nyingi za mwaka mmoja hazina nafasi hiyo, na katika EMBA huduma za uajiri mara nyingi huwa na mipaka, hasa kwa wanaolipiwa na waajiri. Tena kampuni zinazokuja vyuoni huajiri kwa ngazi iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa miaka 28. Jiulize kwa dhati kama uko tayari kuanzia hapo chini ya bosi mdogo kwako. Wapo wanaofanya hivyo kwa furaha na kupanda haraka.

Kuna njia nyingine?

Zipo, na kwa nusu ya watu wanaoniuliza ndizo ninazozitaja kwanza. Kwa anayetaka uchambuzi wa uwekezaji, cheti cha kitaalamu cha CFA kina ngazi tatu na waandaaji wake hukadiria kama saa 300 za kujisomea kwa kila ngazi. Kuna vyeti vya ACCA na CPA kwa uhasibu, na cha PMP kwa anayesimamia miradi. Kuna kozi fupi za watendaji za wiki chache. Kuna pia kumwomba mwajiri akuhamishie kwa mwaka mmoja kwenye idara unayotaka kuijifunza, jambo ambalo halina ada na mara nyingi hukubaliwa kuliko watu wanavyotarajia.

Nina biashara yangu mwenyewe. Inanihusu?

Hakuna mteja atakayekuuliza cheti. Soma kama biashara inaweza kwenda bila wewe siku mbili kwa wiki. Kama haiwezi, hilo ndilo tatizo la kwanza, na halihitaji chuo. Kozi fupi ya fedha na ya kusimamia watu itakufaa mapema zaidi.

Nimepokelewa, lakini moyo unasita. Nifanye nini?

Tenganisha woga na shaka. Woga huuliza kama utaweza, na hupungua ukikaa darasani siku moja kama mgeni. Vyuo vingi huruhusu. Shaka huuliza kama unahitaji, na hiyo haipungui kwa kutembelea majengo. Watafute wahitimu watatu walioingia wakiwa na umri wako, uliowapata mwenyewe na si waliochaguliwa na chuo, na uwaulize ni kitu gani wanachokifanya leo ambacho wasingeweza kukifanya bila shahada ile. Kama bado hujapata jibu, kiandikie chuo kabla ya tarehe ya kulipa amana na uombe kuahirisha hadi mwaka unaofuata. Baadhi hukubali, baadhi hukutaka uombe upya, na karibu vyote hushikilia amana ukishailipa, kwa hiyo barua hiyo iende mapema.